Barua ya wazi kwa mnaosimamia visiwa vya matumbawe: tupeni idadi ya mwisho ya wageni

Kwa Waheshimiwa,
Mnaosimamia visiwa vya matumbawe na hifadhi za bahari, pamoja na mnaotoa leseni za hoteli na boti za watalii.

YAH: KISIWA MNACHOKITANGAZA NA KISIWA TUNACHOKIKUTA

Waheshimiwa, heshima zenu kwanza.

Kiukweli barua hii sikutaka iwe ya wazi. Ya kwanza niliiandika kwa adabu zote nikaituma kwa barua pepe kwenye ofisi inayosimamia kisiwa kimoja ambacho nimekuwa nikienda kwa miaka kumi na moja sasa, sikujibiwa. Ya pili nikaweka na picha, nikajibiwa mstari mmoja kwamba maoni yangu yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Ya tatu nikaipeleka mwenyewe kwa mkono, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka watu wakatoka kula wakarudi, mwisho dada wa mapokezi akaigonga muhuri akaiweka juu ya furushi la barua zingine ambazo nazo zilikuwa na mihuri. Basi, ikaishia hapo.

Jina la kisiwa sitalitaja wala la ofisi, maana nikitaja tu wengine wote mtashusha pumzi mseme aah kumbe ni wale, na mimi nimeshazunguka visiwa vya kutosha kujua sio wale peke yao. Mkisoma wenyewe mtajijua.

Ngoja niwaambie kwanza kilichokuwa kinanirudisha kule, kwa sababu nahisi baadhi yenu mnasaini makaratasi ya visiwa ambavyo hamjawahi kulala hata usiku mmoja. Mara ya kwanza nafika, nahodha alizima injini mbali kabisa na mwamba wa matumbawe, akafunga kamba kwenye boya, akatuambia vueni viatu. Tukashuka maji ya kiunoni, begi kichwani, kila mtu anaangalia anapokanyaga maana alishatutisha kwamba atakayekanyaga tumbawe anarudi kwenye boti. Vibanda vilikuwa nane, vyote nyuma ya miti, ukiwa baharini huvioni. Usiku giza lile lenyewe, nyota mpaka chini kwenye maji. Nikatoka na tochi kwenda chooni, mlinzi akanidaka, zima hiyo, kasa amepanda. Tukachuchumaa. Humuoni ila unamsikia, anachimba kwa mapezi ya nyuma, shwaa, anatulia, anahema kama mtu mzima aliyechoka, shwaa tena, na alipomaliza kutaga akaanza kufukia kwa mapezi ya mbele mchanga ukaruka mpaka ukanipiga usoni. Asubuhi njia yake ilikuwa imebaki ufukweni kama alama za tairi la trekta.

Na chini ya maji ndo usiseme. Ukizamisha kichwa tu unasikia mlio kama mafuta yanayochemka kwenye kikaango, ni kamba wadogo wadogo wanaalisha magando, maelfu kwa maelfu, kwenye mwamba uliokufa mlio huo unafifia sana, ukishausikia mara moja huwezi kuusahau na ukikosekana unajua. Halafu unamsikia pono, anatafuna jiwe kabisa, kru kru kru, anageuka anaachia wingu jeupe nyuma yake. Kwa taarifa yenu waheshimiwa, ule mchanga mweupe mnaoupiga picha kwa droni mnaandika pepo ya duniani, sehemu kubwa imepita tumboni mwa pono, mkubwa mmoja anatoa mamia ya kilo kwa mwaka. Mnatangaza kinyesi cha samaki, na ni kizuri kweli, ila basi mlindeni anayekitoa.

Safari yangu ya mwisho nililala chumba namba 64.

Namba hiyo ndo imeniandikisha barua hii. Malalamiko yangu ni haya:

1. HAKUNA ANAYEJUA MWISHO NI WATU WANGAPI

Nilimuuliza ofisa mmoja pale gatini, hivi kisiwa hiki mwisho ni watu wangapi kwa siku? Akacheka. Akasema mwisho ni vitanda vikijaa. Na vitanda vinaongezwa kila mwaka, halafu hapo hujahesabu wanaokuja asubuhi na boti za mwendokasi wanaondoka jioni, wale hawana vitanda kwa hiyo kwenye hesabu yenu hawapo kabisa, ila miguu wanayo na wote wanakojoa. Mchana mmoja nilikaa chini ya mti nikahesabu boti 23 kwenye ghuba ambayo zamani tulikuwa tunaogelea na kasa.

Sasa msiniambie idadi haiwezekani kuwekwa. Kisiwa cha Lord Howe kule Australia wageni hawazidi 400 kwa wakati mmoja, hata uwe nani unasubiri zamu. Chumbe pale Zanzibar, hifadhi tangu 1994, vibanda vya wageni ni saba. Saba tu! Na watu wanatoka mbali kukitafuta kwa sababu ni saba.

Wengine idadi waliipata baada ya aibu. Boracay kule Ufilipino serikali ilikifunga kisiwa kizima Aprili 2018 kwa miezi sita kwa sababu ya maji taka, na ndo walipofungua wakaja na hesabu, watalii wasizidi 19,215 kwa wakati mmoja. Mimi naiona bado kubwa ila angalau ipo, imeandikwa, mtu anaweza kuwashika nayo. Maya Bay kule Thailand watu walifika hadi 5,000 kwa siku kwenye kifukwe ambacho unakimaliza kwa miguu kabla sigara haijaisha, ikafungwa mwaka huohuo wa 2018 na haikufunguliwa mpaka Januari 2022. Walipofungua boti hairuhusiwi kuingia ghubani, mnashushwa nyuma ya kisiwa mnatembea, na mwanzoni hata kuogelea ilikuwa marufuku. Papa wale wadogo wa ncha nyeusi walirudi wenyewe, hakuna aliyewaita.

Kwa hiyo idadi itakuja tu. Swali ni kama mtaiandika nyie sasa hivi kwa kalamu, au mtaandikiwa wakati hakuna tena cha kuhesabu.

2. NANGA

Hili ni dogo na linaniuma kuliko yote kwa sababu dawa yake ni rahisi mno. Boya, mnyororo, na kitu kizito cha kulishikilia chini kwenye mchanga. Kwisha. Bonaire kule Karibea wana hifadhi ya bahari tangu 1979, mwambani hairuhusiwi kutupa nanga, unafunga kwenye boya, na mpiga mbizi analipa ada ambayo ndo inatunza hayo maboya. Sio siri ya jeshi.

Kwenye kisiwa chetu maboya yalikuwepo. Mawili yamekatika, moja limechukuliwa sijui na nani, yaliyobaki hayatoshi boti 23, kwa hiyo kijana anatupa nanga pale alipo, upepo ukigeuka boti inazunguka, mnyororo unafagia. Nilizama nikaiona. Lilikuwa tumbawe la lile umbo la mviringo, kubwa kunizidi mimi, nanga imelipasua katikati kama boga na ndani ni jeupe kama chaki. Tumbawe la namna ile linakua kama sentimita moja hivi kwa mwaka, pigeni hesabu wenyewe lilianza lini, kabla babu zetu hawajazaliwa, na limeondoka kwa dakika moja ili watu wapate selfi wakarudi kula.

Na simlaumu yule kijana. Afunge wapi?

3. CHOO

Samahani kwa lugha lakini lazima tuongee kuhusu choo, na hapa naomba mnivumilie kidogo maana ndo penyewe.

Kisiwa cha matumbawe sio udongo, ni jiwe lenye matundu kama sponji. Ukichimba shimo la choo ukamwaga, hakibaki pale. Kinapenya kinakwenda baharini, na njiani kinapita kwenye maji matamu. Maji matamu ya kisiwa kama kile yanatokana na mvua, yanapenya chini yanaelea juu ya maji chumvi kama mafuta yanavyoelea, ni tabaka tu, jembamba. Ukivuta kwa pampu kupita kiasi chumvi inapanda, kisima kinaharibika. Kwa hiyo hoteli inavuta maji matamu juu, inamwaga choo chini, palepale. Miaka ya mwanzo nilikuwa nasukutua mdomo na maji ya bomba, safari hii yalikuwa na ladha ya machozi.

Sasa kinachofika baharini kinafanya nini? Matumbawe yamezoea maji masafi yasiyo na mbolea, ndo maana maji ni ya buluu vile. Kila tumbawe ni wanyama wadogo wadogo na ndani yao kuna mwani mdogo sana unaowapikia chakula kwa jua, wameelewana, wanaishi hivyo miaka na miaka. Ukileta choo umeleta mbolea, mwani ule mwingine, wa kijani mrefu mrefu, unashangilia, unakua haraka, unafunika jiwe, na tumbawe changa likija kutafuta pa kushika linakosa. Mbele ya jengo jipya la wageni niliogelea mita mia hivi juu ya manyasi ya kijani yanayoteleza. Palepale mwaka wa kwanza nilimuona chewa mkubwa kaingia chini ya jiwe ananitazama kama nimeingia chumbani kwake bila hodi.

Kilichonichekesha, ni cheko la hasira, kuna bango kubwa gatini linasema mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali marufuku, tunalinda matumbawe. Sawa, ni jambo jema, Palau, nchi ya visiwa kule Pasifiki, sheria yake imeanza kazi tangu 2020 na Hawaii nao 2021. Lakini jamani, mgeni anyang'anywe kichupa chake cha mafuta gatini wakati nyuma ya jiko kuna bomba linamwaga usiku kucha? Mgeni ni rahisi kumkataza kwa sababu kesho anaondoka. Mwenye hoteli mnakutana naye kwenye vikao.

Chumbe wana vyoo vya mboji, havitumii maji kabisa, mvua inavunwa juu ya paa inahifadhiwa chini ya kibanda, maji ya kuogea yanachujwa kwenye kitalu cha mimea. Teknolojia ya tangu miaka ya tisini hiyo. Wageni wanakaa na hawanuki.

4. TAA

Vitoto vya kasa vikitoka shimoni usiku vinafuata palipo na mwanga zaidi, na kwa mamilioni ya miaka palipo na mwanga zaidi palikuwa baharini. Sasa hivi ni baa. Asubuhi moja nilivikuta vinne vimekaukia kwenye njia ya mawe kuelekea bwawa la kuogelea. (Bwawa la kuogelea, kwenye kisiwa, mita thelathini kutoka baharini. Naliacha hilo.) Taa zikiwa chini, nyekundu, zimefunikwa upande wa bahari na zikazimwa msimu wa kasa, tatizo linaisha kwa sehemu kubwa. Gharama yake ni kuchomoa balbu.

5. GATI NA UKUTA

Mchanga wa kisiwa haukai. Msimu mmoja upo upande huu, upepo ukibadilika unahamia upande ule, mwaka unaofuata unarudi, wavuvi wote wanalijua hilo na ndo maana hawajengi ufukweni. Nyie mmejenga gati la zege, mchanga umegota upande mmoja, upande wa pili ufukwe umeliwa mpaka minazi imelala. Mkajenga ukuta kuzuia. Ukuta ukahamishia ulaji kwa jirani. Saa hizi naambiwa kuna mpango wa kuchimba mwamba boti kubwa zipate njia na huo mchanga uletwe kujaza ufukwe. Waheshimiwa, tope la kuchimba likitua juu ya matumbawe linayaziba pumzi na jua kwa pamoja, na huo mwamba ndo ukuta wenyewe, wataalamu waliopima sehemu mbalimbali za dunia wanasema mwamba wa matumbawe unapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Mnabomoa ukuta wa bure mjenge wa zege.

6. PANYA

Najua hapa mtacheka. Chekeni mkimaliza msome.

Mizigo ikiongezeka panya wanaongezeka, wanakuja kwenye matofali, kwenye magunia, kwenye boti zenyewe. Panya anakula mayai na vifaranga vya ndege wa baharini. Mtasema ndege wanahusikaje na mwamba? Mwaka 2018 kuna utafiti ulitoka wa visiwa vya Chagos, katikati ya Bahari ya Hindi, vingine vina panya vingine havina. Visivyo na panya vilikuwa na ndege mamia ya mara zaidi, ndege wanakula mbali huko baharini wanarudi kunya kisiwani, mvua inashusha kile kinyesi mwambani kidogo kidogo, na samaki wa mwambani walikuwa karibu nusu zaidi kwa uzito kuliko kwenye visiwa vya panya. Kwa hiyo kinyesi cha ndege kwa kipimo chake kinajenga, choo cha hoteli kinabomoa, tofauti ni wingi na mahali. Tunarudi palepale kwenye idadi.

Kisiwa cha Cousin kule Shelisheli boti ya nje hairuhusiwi kutua ufukweni kabisa. Unafika, unasimama mbali, boti yao inakuja kukuchukua, ili panya asipate lifti. Kile kisiwa kilinunuliwa 1968 kwa ajili ya kandege kamoja kadogo ambako dunia nzima kalikuwa kamebaki chini ya 30. Mpaka leo kapo, na kamehamishiwa mpaka visiwa vingine. Kwetu mizigo inashushwa usiku, hakuna hata anayefungua boksi kuangalia.

7. YULE MLINZI

Yule aliyenizimisha tochi hayupo tena. Nilimuulizia, nikaambiwa mkataba wake uliisha na kampuni mpya imekuja na walinzi wake, vijana wenye sare nzuri wanaolinda viti vya ufukweni. Mtu aliyekuwa anajua kila kasa alipotagia na maji ya bamvua ipi yatafika kwenye shimo, ameachwa aende.

Apo kule Ufilipino ni kisiwa kidogo tu, tangu 1982 wanakijiji wenyewe walikata kipande cha mwamba wakasema hapa hakuvuliwi, wenyewe ndo wakawa walinzi, na samaki walivyojaa ndani wakamwagika nje kwa wavuvi. Chumbe walinzi wa mwanzo walikuwa wavuvi. Hii kazi ya mwenyeji sio hisani mnayomfanyia, ndo mfumo wenyewe, ukiutoa unabaki na mabango.

NAJUA MTASEMAJE

Mtasema joto la dunia ndo linaua matumbawe, hoteli zetu zinahusikaje. Ni kweli joto linaua, mwaka 1998 matumbawe ya Bahari ya Hindi yalipauka vibaya, yaani yalipoteza ule mwani wao wa ndani yakabaki meupe, 2016 tena, na Aprili 2024 ikatangazwa kwamba dunia nzima iko kwenye kupauka kukubwa kwa mara ya nne. Mimi mwenyewe nimeogelea juu ya mwamba mweupe kama mifupa, sihitaji kuambiwa. Lakini mwamba uliopauka ili upone unahitaji maji safi, pono wa kufagia mwani, na usitupiwe nanga kichwani. Mgonjwa ana homa nyie mnampiga mateke, halafu mnasema homa ndo imemuua.

Mtasema takataka zinatoka mbali zinaletwa na maji. Na hilo kweli, Aldabra kule Shelisheli hakuna hoteli hata moja lakini mwaka 2019 walitoa tani 25 za takataka, ndala kwa maelfu. Ila jenereta, choo na chupa za baa havijaletwa na maji.

Mtasema ajira. Hapa naongea kwa heshima kwa sababu najua familia zinakula kupitia hizi kazi. Ila hesabuni na miezi sita ya Boracay ambayo hakuna mgeni aliyeingia, hesabuni na miaka zaidi ya mitatu ya Maya Bay. Na mwangalie nani anaajiriwa kwenye hivyo vyumba sitini na kitu, maana vibanda nane viliajiri wenyeji kumi na kitu, na safari hii kwenye vyumba vyote hivyo nilikutana na wenyeji watatu, wawili wako bustanini.

Mtasema wageni wachache maana yake bei kubwa, kisiwa kiwe cha matajiri tu. Hili ndo pekee linalonipa shida, sitajifanya nina jibu lote. Idadi ndogo kweli inapandisha bei. Lakini zamu za mchana zinaweza kutengwa kwa ajili ya watu wa pale na watoto wa shule, Chumbe wanapeleka wanafunzi bure kuona mwamba, na mtoto wa mvuvi akiuona kwa miwani mara moja, hiyo haina bei. Na kwa hali ilivyo sasa hao wasio na hela wanapata nini? Kile kifukwe walichokuwa wanatua na ngalawa zao kina kamba na kibao cha wageni wa hoteli tu.

Mtasema mna cheti cha kijani, kile cha kutunza mazingira. Nimekiona, kimetundikwa mapokezi pembeni ya kiyoyozi, mlango uko wazi.

NINACHOOMBA

Sitaki kisiwa kifungwe. Nataka mambo manne, na ningependa niyaone kabla msimu ujao haujaanza.

Kwanza, andikeni idadi. Watu wangapi kwa siku, wanaolala na wanaoshinda, boti ngapi kwa wakati mmoja. Ibandikwe gatini na itangazwe, na mseme mmeipataje. Kama hamuijui basi simamisheni vibali vya ujenzi mpaka muijue, pamoja na ule mpango wa kuchimba mwamba.

Pili, maboya yarudishwe na nanga ipigwe marufuku mwambani, na ada ya mgeni ionyeshe ndani yake shilingi au dola ngapi zinaenda kwenye boya. Mimi nitalipa, sijawahi kukutana na mzamiaji aliyekataa kulipia boya.

Tatu, majibu ya vipimo vya maji mbele ya kila hoteli yawekwe hadharani kila mwezi. Hoteli ambayo choo chake kinafika baharini isipewe wageni wapya mpaka irekebishe. Na taa hizo zizimwe, hilo halihitaji hata kikao.

Nne, mrudisheni yule mlinzi. Kama hataki tena, na nisingemshangaa, tafuteni wenzake kijijini, wapo, muwape mkataba unaopita msimu mmoja na mamlaka ya kumrudisha mtu kwenye boti.

Palau tangu mwisho wa 2017 mgeni akifika anagongewa muhuri kwenye pasipoti, ni kiapo anachokisaini mwenyewe, anawaahidi watoto wa pale kwamba atatembea taratibu na hataharibu. Nimekiwaza sana kile kiapo. Nadhani na upande wa pili wa kaunta pangekuwa na karatasi yake, anayetoa leseni naye asaini.

Waheshimiwa, kama kuna sehemu nimekosea nisahihisheni kwa kuniletea hesabu zenu, nitazisoma na nikiona nimekosea nitasema hadharani hivihivi. Nimeshakata tiketi ya kwenda tena. Nitakuwa chini ya mti uleule nahesabu boti, na barua ya nne nitaileta kwa mkono. Benchi nalijua.

Wenu kwa heshima,
Mgeni wa chumba namba 64

Nakala: dada wa mapokezi, ambaye yeye hana kosa lolote.